Mstari Mwekundu wa Bomba Kuu

Chumba cha Ramani (au kilichobaki chake),
S.L.P. 118,
Tarehe 9 Machi, Jumatano.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali wewe, wifi yangu na watoto. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema baridi ya huko inaliingia mpaka kwenye mfupa, nikakuambia ulivalishe soksi, ukacheka. Natumaini umelivalisha. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, anagomba vizuri, na bado anaficha dawa zake chini ya mto akidhani sizioni. Jicho langu la kushoto ndilo linalonisumbua. Daktari anasema limechoka, na mimi nikamwambia tumechoka wote wawili.

Nimekupigia simu mara tisa tangu mwezi jana. Mara nne hukupokea, mara tatu mtandao ulikatika kila nilipoitaja Kampuni, na mara mbili uliniambia hukumbuki. Mtandao wa ajabu huo, kaka. Nilipouliza habari za wajukuu ulikuwa safi kabisa. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi. Binti wa jirani yetu anasafiri kesho usiku na ndiye atakayekuletea. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe, asimwachie mtu mlangoni.

Habari kubwa ya huku ni kwamba Kampuni inatimiza miaka sitini. Meneja mkuu mpya, yule niliyekuambia anatembea kama amechelewa hata akienda chooni, ameamua tusherehekee kwa kitabu, kwa ukumbi wa historia, na kwa barabara ya juu itakayozinduliwa siku hiyohiyo. Kitabu nimepewa mimi. Si kwa sababu naandika vizuri. Wengine wote wanaojua kipi kilijengwa kabla ya kipi wamestaafu au tumeshawazika.

Nilifurahi, sikufichi. Miaka ishirini na tisa nimekaa kwenye chumba kile nikiitwa Mama Karatasi, na hatimaye mtu akaniuliza karatasi zinasema nini. Niliandika kuhusu daraja la vyuma ambalo mafundi wanaliita Babu, lililojengwa mwaka wa kwanza na watu arobaini na winchi moja. Niliandika kuhusu barabara ya kaskazini iliyojengwa mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza ilizolewa na mafuriko kabla rangi ya mistari haijakauka. Yale mabwawa mawili, reli ya machimboni, minara ya umeme iliyopandishwa mlimani vipandevipande mabegani mwa watu kwa kuwa hakuna lori lililoweza. Kisha Bomba Kuu, lile bomba lenu, wewe mhandisi na baba nyapara. Mtu wa nchi hii akifungua maji jikoni, akiwasha taa au akivuka mto wowote mkubwa, anatumia kazi ya mikono ya Kampuni. Naipenda Kampuni hii, kaka. Ndiyo maana inanikera kiasi hiki.

Meneja akasoma, akafuta mafuriko. Akafuta na mabega. Akasema kitabu cha sherehe hakitaki jasho, kinataka mafanikio. Ukurasa wa arobaini na moja ameweka picha ya baba, kasimama ndani ya mtaro wa bomba na ile kofia yake ngumu iliyopasuka ukingo, na chini yake wameandika: Wafanyakazi wetu wenye furaha. Baba yetu! Mtu aliyekunja uso kwenye picha ya harusi yake mpaka mama akadhani ameghairi. Pale alikuwa anajikinga jua tu, basi.

Hayo ni ya kucheka. Sasa nije kwenye lililoninyima raha.

Kanuni ya wino mwekundu unaijua kuliko mimi. Mchoro ukitoka ofisini una wino mweusi. Kule kazini, nyapara na mhandisi wakikuta jiwe au chemchemi wakalazimika kusogeza kitu, wanachora palepale juu ya karatasi ileile kwa wino mwekundu, wanaandika sababu na kutia sahihi. Hakuna aliyeruhusiwa kufunga kambi mpaka karatasi zenye wino mwekundu zirudi Chumba cha Ramani. Mweusi ni tulivyotaka, mwekundu ni ilivyokuwa. Fundi akija kuniuliza kitu kiko wapi chini ya ardhi, kidole changu kilikuwa kinakwenda kwenye mwekundu kwanza.

Mwaka jana wakaleta mashine ya kuskani na wataalamu wawili wa kuiendesha. Watu wapole, wachapakazi, lakini hawajawahi kukanyaga tope la kambi. Wakakuta karatasi zetu zina madoa ya kutu, kutokana na pini na vibanio vya miaka nenda rudi. Kutu ina wekundu. Basi wakaiamuru mashine ifute kila chenye wekundu ili michoro ing'ae, na ikang'aa kweli. Ilifuta kutu, ikafuta na wino. Michoro elfu kumi na moja, kaka! Kila jiwe tulilolikwepa, kila bomba tulilolisogeza, havimo tena. Na karatasi zenyewe zikapakiwa kwenye malori mawili, zikaenda kusagwa, kwa sababu Chumba cha Ramani kilitakiwa kiwe ukumbi wa historia. Soma tena hapo, usidhani nimekosea kuandika. Wametupa historia ili wapate mahali pa kuiweka.

Najua utauliza, na wewe ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Kulikuwa na fomu: Nimehakiki na kuridhika kuwa nakala zinalingana na karatasi. Nilihakiki michoro thelathini ya kwanza, ya barabara za tambarare, ambako hakuna aliyewahi kusogeza kitu kwa sababu hakuna cha kukwepa. Nikaiona safi. Meneja alikuwa amesimama mlangoni ameshika kalamu, malori yananguruma nje, jicho linaniuma. Nikatia sahihi. Malori yale yaliondoka kwa sahihi yangu, si ya mtu mwingine. Naona aibu mpaka leo, na sijamwambia mtu nyumbani.

Nilikuja kugundua mwezi uliofuata, nilipofungua kwenye kompyuta mchoro namba 214 ili niuweke kitabuni.  Bomba Kuu limenyooka kama rula kwenye Kilima cha Tangi. Ule mstari mwekundu aliouchora baba haupo.

Barabara ya juu itapita kilima kilekile. Nguzo ya sita wameipanga mahali ambapo, kwa mchoro wao unaong'aa, hapana kitu. Wewe na mimi tunajua pana nini. Bomba lenyewe ndilo liko pale, mita kumi na moja mashariki ya linapoonyeshwa. Bomba ambalo mtu mfupi anaweza kutembea ndani bila kuinama, limejaa maji yanayosukumwa kwa nguvu ya kufikia nusu ya mji na hospitali ya wazazi. Mtambo wa kuchimbia nguzo ukilitoboa, walio kando ya shimo hawatapata hata muda wa kugeuka. Na anayeuendesha mtambo huo ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, yule uliyeongea naye kwa simu siku ya harusi ukamwita Injinia kwa kumvika kilemba cha ukoka.

Nimesema. Nimesema kwa mdomo, kwa barua, na wiki iliyopita kwenye kikao, mbele ya watu kumi na wawili. Meneja hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mama, hebu tukumbushe," akasema. "Bomba lilisogezwa kwa nini?"

"Ardhi laini. Ndivyo ilivyoandikwa kwa wino mwekundu."

Akafunua karatasi ya vipimo vya udongo, akaisukuma mpaka mbele yangu. "Tumetoboa kilima chote mwezi jana. Ni mwamba mtupu, juu mpaka chini. Sasa nani alihamisha bomba zima kukwepa ardhi laini isiyokuwepo?"

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Nikakaa chini. 

Nikaomba basi wachimbe kwanza shimo la kuchungulia, kwa mikono. Wakasema mwamba ule kwa mikono ni wiki tatu, na sherehe ina tarehe yake. Vile vifaa vya kupima kwa juu havioni kina kile. Watu wa maji nao wana nakala ya mchoro wetu uleule mweusi. Kila mlango niliobisha, nikafunguliwa, nikakuta ndani yupo Meneja na fomu yangu yenye sahihi yangu. Mwishoni akasema jambo moja la maana, na nakupa kama alivyolisema: "Akitokea mhandisi aliyelijenga bomba hilo akaandika kwa mkono wake, nasimamisha kazi siku hiyohiyo. Siwezi kusimamisha kwa kumbukumbu ya karani."

Wahandisi wa bomba lile walikuwa wawili. Mmoja tulimzika mwaka juzi, nilikutumia picha.

Sasa tuache kuzungushana, kaka. Pale kilimani palikuwa na vigingi viwili, cha bomba na cha ile barabara ya zamani. Mvua ilinyesha siku tatu, rangi ikatoka, ukaanza kupima kutoka kigingi kisicho chenyewe. Mlikuwa mmeshachimba mita mia tatu za mwamba ndipo baba akagundua. Kurudi nyuma ilikuwa haiwezekani. Ndipo akachukua kalamu yake nyekundu akachora bomba mahali lilipo hasa, akaandika ardhi laini, akatia sahihi yake peke yake, kana kwamba wewe siku hiyo hukuwepo kabisa.

Karatasi ile aliniletea mwenyewe. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini na bado nilikuwa nasoma kila kitu.

"Ardhi laini, baba? Kwenye kilima kile cha mwamba?"

"Weka kwenye faili, binti yangu. Kazi yako ni kuweka."

Nikaweka. Miezi miwili baadaye wakamwondoa kwa uzembe, kwa kusogeza bomba bila kibali (barua yenyewe ilibanwa kwenye mchoro uleule, nayo imesagwa), wakampa ufunguo wa geti la karakana. Miaka sita alifungua na kufunga geti lile, akiyapigia saluti magari ya watu aliowafundisha kushika sepeto. Mwaka huohuo wewe ukapata nafasi ya masomo huko uliko. Mama ndiye aliyenieleza yote, baada ya mazishi ya baba, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. Hakukwambia kuwa najua, na mimi sikukwambia. Tumekuwekea siri hii kama chombo cha thamani, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kukiangusha.

Sikulaumu kwa kigingi. Ulikuwa na miaka ishirini na saba, umelowa, na vigingi vyote viwili vilikuwa mti mtupu. Nakulaumu kwa hiyo "sikumbuki" yako. Mtu anasahau miwani yake, anasahau siku ya kuzaliwa ya mke wake, hilo wifi ameshanieleza. Mtu hasahau kosa ambalo baba yake alililipia getini miaka sita. Sababu aliyoandika baba ilikuwa ya uongo, lakini mstari wake ulikuwa wa kweli, na leo uongo ule ndio unaofanya ukweli wake usisadikike. Mtu pekee anayeweza kuvitenganisha ni wewe.

Usiniambie habari za jina la baba. Jina lake lilishachafuka wakati yupo hai na anajisikia. Na usiniambie habari za jina lako, maana huko uliko hakuna anayejua hata Kilima cha Tangi ni nini. Kama unaogopa wataandika kitabuni, mwandishi wa kitabu ni mimi, na kila ninachoandika kinafutwa.

Ndani ya bahasha hii kuna tamko nililolichapa mwenyewe. Ni ukurasa mmoja. Nimeacha mahali pa jina, namba yako ya uhandisi na sahihi. Lisome, rekebisha palipokosewa, kisha nakili lote kwa mkono wako, maana ndivyo alivyotaka. Piga picha kwa simu unitumie saa hiyohiyo, karatasi yenyewe itafuata kwa posta.

Alhamisi, saa kumi jioni.

Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Naandika kwa haraka, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Meneja ameiwahisha tarehe ya kuchimba nguzo ya sita. Asubuhi ya leo, bila kutuambia, walipeleka watu wa televisheni kilimani wakapige picha nguzo ya sita ikianza. Nilipata habari kwa dereva wa ofisi, nikaenda naye hivyohivyo na ndara za ofisini. Nilipofika mtambo ulikuwa unaunguruma, na mkwe wangu yuko juu kitini. Aliniona. Sikupunga mkono wala sikupiga kelele. Nilisimama tu pale kwenye kokoto na ndara zangu.

Akazima. Akashuka taratibu, akapangusa mikono, akampa Meneja ufunguo.

"Mama mkwe anasema hapa chini pana bomba."

"Una karatasi inayosema hivyo?"

"Sina, bosi."

"Basi panda."

"Sipandi."

Kamera zilikuwa zinawaka muda wote. Amefukuzwa palepale, mbele ya wenzake, akatakiwa avue na kofia na lile koti la kung'aa kwa kuwa ni mali ya Kampuni. Alitembea mpaka kwenye gari letu na fulana iliyolowa jasho, akaniuliza kama nimekula. Kaka, nililia kama mtoto. Kijana wa watu, mimba ya binti yangu ina miezi saba, na ameacha kazi yake kwa neno langu tupu. Hakuuliza mstari ulichorwa na nani. Hakuuliza nina uhakika kiasi gani.

Mwendeshaji mwingine anakuja Jumanne kutoka mradi wa reli. Nimeuliza habari zake, wanasema ni mcheshi, ana watoto watatu, anapenda kuimba akiwa kazini. Yeye hanijui. Akiambiwa panda atapanda, na kando ya shimo watakuwepo wengine sita wa kushika vyuma.

Binti wa jirani atakuwa mlangoni kwako Jumamosi. Utakuwa na Jumapili nzima, na Jumatatu. Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa nimesimama juu ya alama ya nguzo ya sita, na safari hii nitavaa viatu. Kama nitakuwa nina picha ya tamko lako kwenye simu, nitamwonyesha Meneja na kurudi nyumbani kumpikia mama. Kama sitakuwa nayo, nitawaeleza habari ya vigingi viwili kwa jina lako, mbele ya kamera zao, na wasiponiamini sitaondoka pale mpaka wanibebe. Sikutishi. Nakueleza nitakapokuwa, ili usije ukasema hukujua.

Nisalimie wifi, mwambie kile kitambaa alichotuma mama anakivaa hata akilala. Wasalimie watoto na yule mjukuu anayeng'ata watu. Shangazi anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Mkwe wangu naye anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, akasema, mpe pole mjomba, goti linauma sana.

Mama amenikuta nikiandika.  Ameketi kando yangu, amelisoma tamko lile bila miwani, kisha akaomba kalamu. Pale chini, karibu na mahali pa sahihi yako, ameandika kwa herufi zake kubwa za darasa la watu wazima: MWANANGU, BABA YAKO ALISHAKUSAMEHE SIKU ILEILE. ANDIKA.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe afya ya mwili na ujasiri wa dakika tano tu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukasirikia na ninayekupenda,
Mama Karatasi